Pipa la mawese nyuma ya nyumba: nani atalipa paa la jirani?



Msimu wa jua unakaribia na kila mwenye ngazi ameanza kutafuta pipa. Kuanzia Buleusa na kushuka upande wa Walikale, kazi ya mawese tunaifanya namna moja: pipa la lita 200, mawe matatu au manne, kuni chini, na yote hayo nyuma ya nyumba, kati ya jiko na choo. Juu ya nini hapo? Kuko kivuli, watoto wanaweza kuongeza kuni, na mwizi hawezi kuiba mikungu ukiwa unamwona. Ni sababu nzuri, sizidharau. Lakini hapo hapo ndipo paa la nyasi liko karibu, na mara nyingi siyo paa lako tu, ni la jirani pia.

Kwa hiyo nataka tuzungumze juu ya maswali mawili ambayo watu wanayatenga, na mimi naona yamefungwa kamba moja. La kwanza: nani anapashwa kutoa ruhusa ya kuweka moto mkubwa vile kati ya nyumba za watu? La pili: siku moto ule ukipanda kwenye paa, nani atalipa? Ukiuliza sokoni, jibu la kwanza ni "ule anayekusanya jeto", na jibu la pili ni "Mungu". Mimi nasema koperative yenyewe ndiyo itoe ruhusa, bila kulipisha, na koperative yenyewe ndiyo iwe na mfuko wa moto. Tena mambo hayo mawili yasitenganishwe hata kidogo.

Kwanza tuone vile moto unavyotoka ndani ya pipa, juu ya wengi wanafikiri hatari ni cheche tu. Cheche ni hatari, ndiyo, hasa kama unawasha kwa makapi makavu ya ngazi, yanaruka na upepo kama vipepeo. Lakini kuko hatari mbaya zaidi, ni pale tunapochemsha mafuta yenyewe ili kuyatenga na maji na uchafu. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanashuka chini ya pipa. Na chini ndiko moto uliko. Mafuta ya juu bado yametulia, unaona kama hakuna kitu, kumbe maji ya chini yameshafika kuchemka. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya lita zaidi ya 1,500. Mvuke huo unatafuta njia ya kutoka, unasukuma mafuta juu, mafuta yanamwagika pembeni ya pipa, yanaangukia kuni zinazowaka. Hapo hakuna tena kupika, kuko kukimbia.

Na mtu akikimbia analeta nini? Ndoo ya maji. Hilo ndilo kosa linalochoma nyumba. Maji yakiingia kwenye mafuta yanayowaka yanageuka mvuke mara moja na kutupa mafuta ya moto kila upande, kwenye ukuta, kwenye paa, kwenye ngozi ya mtu. Mafuta yanayowaka yanafunikwa. Kifuniko cha pipa, gunia lililoloweshwa na kukamuliwa vizuri, mchanga, udongo. Halafu unatoa kuni chini, siyo mafuta juu. Mchanga uwe pale mbele hujawasha, siyo kuanza kuutafuta mtoni wakati watoto wanalia. Na pipa usilijaze: acha nafasi ya mkono mzima juu, tena punguza moto mafuta yakianza kutoa sauti ya kukoroma.

Hayo ndiyo sisi waagronomi tunafundisha, na watu wanaitika vizuri sana. Halafu wanarudi nyumbani, pipa linabaki palepale kati ya jiko na choo. Siyo ujinga. Mtu anajua hatari, lakini hakuna anayemwambia hapa ndiyo, hapa hapana, na hakuna faida yoyote anayopata akihamisha pipa. Mafundisho matupu hayahamishi pipa.

Sasa, ruhusa. Hapa kuko fujo kubwa kichwani mwa watu, na fujo hiyo inatulia pesa. Sheria ya misitu ya nchi yetu, namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, inazungumza juu ya mti. Inasema wenyeji wana haki ya kutumia msitu kwa mahitaji ya nyumbani, kufuatana na desturi zao, mradi wasivunje sheria. Inasema vilevile kwamba kile ulichochukua kwa haki hiyo huwezi kukifanyia biashara, isipokuwa matunda na vitu fulani ambavyo gavana wa jimbo ameviweka kwenye orodha. Ndiyo maana mwenye kukata kuni za kuuza, au mwenye kuchoma makala ya kupeleka Goma au Butembo, anapashwa kuwa na ruhusa ya kukata kuni na kuchoma makala. Hiyo ruhusa iko kweli, ina jina lake kwenye karatasi za serikali, siyo uongo wa mtu.

Lakini sheria ile ile inasema pia jambo ambalo wengi hawajasikia: miti iliyo ndani ya kijiji au pembeni yake, au ndani ya shamba, ni mali ya kijiji au ya mwenye shamba. Kwa hiyo mama anayechemsha ngazi zake kwa matawi ya grevillea aliyopanda kwenye mpaka wa shamba lake hachukui kitu cha msitu. Anatumia mali yake. Mtu akija na kusema "lipa ya kuni", muulize kwa adabu: kuni gani, za msitu au za shamba? Na akisisitiza, omba karatasi yenye namba, muhuri na jina la ofisi. Karatasi isiyo na jina la ofisi siyo ruhusa, ni kipande cha karatasi.

Najua, kuuliza si rahisi kila mahali. Taasisi moja ya Ubelgiji inayoitwa IPIS ilihesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu zote mbili, ikatoa ripoti mwaka 2017: ilipata 798. Penye vizuizi vingi vile, watu wamezoea kwamba kulipa ndiyo ruhusa. Lakini angalieni vizuri: hata ukiwa na karatasi zote, hakuna hata moja inayosema pipa liwe mita ngapi kutoka kwa nyumba ya jirani. Umelipa mti, umelipa njia, umelipa soko. Moto wenyewe hakuna aliyeutazama.

Tena ruhusa ya kulipisha ina ubaya mwingine, mimi nauogopa kuliko ule wa pesa: inaficha moto. Tazameni wale wanaopika kanyanga. Juu ya kuogopa kukamatwa wanapikia ndani ya jiko, usiku, mlango umefungwa, kichwa cha moto kiko mkono mmoja kutoka kwa nyasi. Kesho tukisema kila pipa la mawese lilipe faranga kadhaa kwa mtu fulani, mapipa nayo yataingia ndani. Tutakuwa tumeongeza moto kwa jina la kuuzuia. Ndiyo maana nasema ruhusa ya koperative iwe ya bure, na anayepewa apate kitu.

Katika nchi za baridi wana kitu kinachofanana na pipa letu. Huko Marekani ya kaskazini, watu wengi wa vijijini wanaweka nje ya nyumba tanuri kubwa la kuni lenye tangi la maji. Maji yanapata moto, yanapita ndani ya mabomba chini ya ardhi na kwenda kupasha nyumba nzima. Majirani walilalamika juu ya moshi na juu ya moto. Jimbo la Vermont likaamua, tangu mwaka 1997, kwamba tanuri la namna hiyo likae zaidi ya futi 200 kutoka kwa nyumba ya jirani, ni kama mita 60. Mwaka 2015 serikali kuu ya nchi nayo ikaweka masharti kwa viwanda vinavyoyatengeneza. Lakini kinachonivutia si serikali. Ni kwamba kampuni ya asiransi ya nyumba nayo inauliza: tanuri liko wapi, liko mbali kiasi gani na ukuta, nani alilijenga? Ukidanganya, siku ya moto wanaweza kukataa kulipa. Kwa hiyo mtu anahamisha tanuri lake bila polisi, juu anataka nyumba yake iwe na mlipaji. Ruhusa na asiransi vinashikana mkono. Hilo ndilo ninalotaka tuchukue. Mabomba waachiwe wenye baridi yao.

Mtasema: basi tuite asiransi ije Buleusa. Tuone.

Katika Kongo, asiransi wengi tunaijua kwa watu wa moto. (Namaanisha pikipiki, siyo huu moto wa kuni.) Ni karatasi ya kumwonyesha polisi ili upite. Kuanzia mwaka 1966 kampuni ya serikali, SONAS, ilikuwa peke yake katika kazi hiyo. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ikafungua mlango kwa makampuni mengine, na ikaweka mamlaka ya kuyachunguza, inaitwa ARCA. Kuanzia 2019 makampuni ya watu binafsi yalianza kupewa ruhusa. Kwa hiyo leo mfanyabiashara wa mjini mwenye depo ya matofali na karatasi ya kiwanja anaweza kuchagua, na namshauri achague.

Sasa chukua nyumba ya mwanakoperative wa kwetu. Kuta ni miti na udongo. Paa ni nyasi, au manjanja nusu na nyasi nusu. Kiwanja ni cha desturi, hakina sertifika. Kutuma mtu wa kuja kutazama nyumba ile, kwa barabara hii tunayoijua, kunagharimu kuliko pesa ambayo mwenye nyumba angelipa kwa mwaka mzima. Hata mtu mwema kabisa akifanya hesabu hiyo atafunga daftari. Na kuko jambo lingine: mikataba ya kawaida ya asiransi, hapa na ulimwenguni kote, inaacha nje vita na machafuko. Mwenye kukuuzia asiransi huku kwetu angekuwa anakuuzia karatasi yenye tundu katikati.

Hata mjini bado ni kazi. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipotapika, lava ilimeza nyumba nyingi upande wa Buhene na Nyiragongo teritware. Wenye nyumba zile walirudi kuanza kwa kile walichokuwa nacho mfukoni, kwa ndugu, kwa kanisa, na kwa misaada. Hilo liko kilomita chache kutoka kwa ofisi za Goma. Sisi tuko mbali kiasi gani?

Kwa hiyo nasema tusingoje. Na kusema kweli hatuanzi na sifuri. Wengi wenu mko katika AVEC. Mnajua sanduku lenye kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu, mnajua mfuko wa jamii unaotolewa kwa msiba na ugonjwa bila kudai riba. Mfuko wa moto ni mtoto wa mfuko ule. Tofauti ni kwamba hauchangiwi kwa faranga kila juma, unachangiwa pale pale hatari inapozaliwa: kwenye mashine ya kukamua.

Hesabu yangu ni hii, na kila koperative ibadilishe namba zake. Tuseme kila bido ya lita 20 inayotoka kwenye mashine inaacha robo lita ya mafuta kwa mfuko. Robo lita, ni kikombe. Bido 400 zikipita katika msimu, mfuko una lita 100, ndiyo bido tano nzima. Usiziuze siku ileile kila mtu anauza. Ngoja bei ipande, ndipo uuze. Bei siandiki hapa, mkisoma itakuwa imeshabadilika. Lakini kila mmoja wenu anajua bido tano zinanunua manjanja mangapi. Mwaka wa kwanza hazitoshi nyumba. Mwaka wa tatu, kama hakuna aliyeungua, mambo yanaanza kuonekana. Mwenye kuchemsha sana anachangia sana, asiye na ngazi hachangii kitu, na hakuna anayeweza kusema amesahau pesa nyumbani.

Wengine watapenda tununue manjanja mapema na kuyaweka stoo. Mimi sipendi. Stoo yenye manjanja mapya inaita wageni wasioalikwa, na sisi wote tunajua maana yake. Afadhali pesa, sehemu ndani ya sanduku la kufuli tatu, sehemu kwenye simu kule ambako reso inapatikana, na daftari linasomwa kwa sauti kila mkutano.

Angalizo la sheria, juu ya mimi sitaki mtu aletewe matatizo: msiandike neno "asiransi" popote. Kuuza asiransi bila kibali cha ARCA ni kosa. Tunachofanya ni msaada kati ya wamemba, umeandikwa katika sheria za ndani za koperative, jambo ambalo sheria ya OHADA juu ya koperative, tunayoifuata Kongo tangu 2012, inaturuhusu kupanga wenyewe. Mkiandika "tunaahidi kulipa nyumba yote" mtakuwa mmeingia biashara ya watu wengine. Andikeni "tunasaidia kufuatana na uwezo wa mfuko".

Sasa nafika penye uchungu. Nani anasaidiwa kwanza?

Kila mtu anafikiri ni mwenye pipa, juu ndiye memba, ndiye aliyeacha kikombe chake kwenye mashine. Mimi nasema hapana. Jirani kwanza. Hata kama jirani si memba, hata kama hajawahi kukanyaga kwenye mkutano wetu, hata kama hatuelewani naye. Pipa ni letu, paa lililoungua ni lake. Sheria ya zamani sana, ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo bado inafanya kazi katika nchi yetu, inasema katika kifungu cha 258 kwamba anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake anapashwa kuirekebisha, na kifungu kinachofuata kinaongeza uzembe. Kwa hiyo deni liko tayari, mfuko uwepo au usiwepo. Bila mfuko deni hilo linalipwa namna gani? Mwenye pipa anauza shamba, au anauza mbuzi wa karo ya watoto. Au anakimbia usiku, na deni linabaki kwa wazee wa familia. Na wale wa jirani wanaanza kusema siyo bahati mbaya, wanafanya hesabu ya nani ni nani, nani alitoka wapi. Hapa Buleusa hatuna haja ya kuelezwa namna maneno ya nyumba mbili yanavyoweza kukua. Tumeona watu wa kijiji kimoja wakilala pande mbili. Manjanja kumi na tano yakifika kwa jirani mbele jua la tatu halijatua, yakibebwa na wamemba wenyewe, pamoja na miti na mikono ya kujenga, yanazima kitu kikubwa kuliko moto.

Halafu mwenye pipa naye anasaidiwa, kama pipa lake lilikuwa na ruhusa. Kama halikuwa nayo, anangoja. Hilo ni kali, najua. Lakini bila hilo hakuna pipa litakalohama.

Ruhusa yenyewe iwe rahisi mpaka mtoto aielewe. Mimi napendekeza kamba. Kamba ya mita 20, kitambaa chekundu kwenye ncha. Mbele ya msimu, watu watatu wa komite, na mmoja wao awe mama anayechemsha mwenyewe, wanapita kwa kila mwenye pipa. Wanashika kamba pale pipa litakapokaa, wanazunguka. Kamba ikigusa paa la nyasi, lako au la mtu, pipa linasogezwa. Kwa manjanja na ukuta wa udongo uliopakwa vizuri naweza kukubali mita 15, chini ya hapo hapana. Wanatazama upepo wa mchana unatoka wapi. Wanatazama kama kuko ukuta mdogo wa mawe au wa udongo kuzunguka moto, uliofika nusu ya pipa. Ukuta huo unazuia cheche, na faida yake ya pili wamama wataipenda zaidi: kuni zinapungua, juu moto hauendi kupasha hewa. Wanatazama mchanga. Basi. Wanaandika namba kwa rangi kwenye pipa na namba ileile kwenye daftari. Hakuna jeto, hakuna soda ya komite.

Na moto usiachwe na mtoto peke yake. Hilo halipimwi kwa kamba, lakini liandikwe.

Kuko watu ambao kamba itawashinda, na siwezi kujifanya siwaoni. Mjane mwenye kiwanja cha mita 12 kwa 15, nyumba nne zikimzunguka, atazungusha kamba wapi? Kwake mita 20 ni kumwambia aache mawese. Kwa watu wa namna hiyo koperative inapashwa kupata kiwanja cha pamoja, chenye mapipa mawili au matatu na zamu ya siku. Na hapo kuko gharama: kubeba mikungu mbali, kulinda usiku, kugombana juu ya zamu ya siku ya soko. Tena kiwanja kisiwe juu ya chemchemi. Yale maji mazito ya kahawia yanayobaki baada ya kutoa mafuta yakiingia kijitoni yanaua samaki na kuharibu maji ya watu wa chini. Yachimbiwe shimo, yakikauka uchanganye na makapi, ni mbolea nzuri kwa migomba. Mimi naona kiwanja cha pamoja ni kazi ngumu kuliko mfuko wenyewe, na koperative isiyoweza kukipanga isianze kutumia kamba dhidi ya wajane.

Wale wa juu, upande wa Masisi ambako baridi inakataza ngazi, mnaweza kufikiri haya hayawahusu. Mna matanuri ya matofali na mashimo ya makala. Kamba ni ileile, na kikombe cha mafuta kigeuzeni kuwa tofali kumi katika kila elfu, au namna mtakavyoona.

Bado swali moja, nitaulizwa tu, afadhali nilijibu hapa. Je, mfuko utasaidia nyumba zilizochomwa wakati wa mapigano? Ningependa kusema ndiyo. Nasema hapana. Moto wa pipa unakula nyumba moja, mbili, na siku mbaya ya upepo nyumba sita. Kwa hiyo mfuko wenye akili hautoi zaidi ya theluthi moja ya kilichomo kwa tukio moja, ili ubaki na kitu kwa tukio linalofuata. Moto wa vita unakula mtaa mzima kwa saa moja. Ukiuweka ndani ya mfuko, bido tano zitagawanywa kwa nyumba 80, kila mmoja atapata lita moja na kikombe, na mfuko utakufa na jina baya. Kwa nyumba zile kuko njia nyingine, misaada ya dharura, kanisa, na sauti zetu kwa wakubwa, nazo tunapashwa kuzidai kwa nguvu. Kuko watakaonikasirikia kwa jibu hili. Walete lao kwenye mkutano, pamoja na hesabu yake.

Mimi ningependa jambo hili liingie kwenye mkutano mkuu wa mbele ya msimu, na lipigiwe kura mara mbili, siyo mara moja: kwanza kamba, kisha kikombe. Wakikubali kikombe na kukataa kamba, mfuko usianzishwe. Wakikubali kamba na kukataa kikombe, waanze na kamba, mwaka ujao waulizwe tena. Kamba ya mita 20 inapatikana sokoni, kitambaa chekundu kila mtu anacho nyumbani, na rangi ya kuandika namba, kopo moja linatosha mapipa yote ya kijiji.